Sauti ya Kumsomea Baba

Nyumbani,
Chumba cha nyuma ya karakana,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Wifi,

Nakusalimu kabla ya lolote, maana siku ile kwenye simu tulianza na ugomvi na salamu zikabaki mlangoni. U hali gani? Goti linaendeleaje tangu uache ile kazi ya kusimama kutwa? Shemeji hajambo? Na wapwa je? Nimesikia mdogo ameota meno mawili ya mbele na anamng'ata kila anayembeba. Mwache ang'ate, ndivyo alivyokuwa mjomba wake, na sasa ni dereva wa lori asiye na neno na mtu.

Sisi huku tu wazima. Baba anakula, analala, na leo asubuhi amemgombeza kaka yako kwa kuacha ngazi pasipo pake, kwa hiyo ujue afya anayo. Kaka yako amerudi juzi kutoka safari, amechoka, ana vumbi hadi kwenye kope. Watoto wanamuulizia shangazi yao kila mara. Yule mkubwa amerefuka mpaka suruali zinamkimbia.

Wifi, ulikata simu kwa hasira na sikulaumu. Jirani yetu mshonaji alikuambia kwamba Baba ameanza kuongea peke yake na simu iliyotundikwa ukutani, kwamba anaiitikia marahaba, na kwamba mimi nimemfungia mzee wa watu na mashine ili nipate viti vya kuuza. Kama ningekuwa mimi niko mbali na baba yangu nikaambiwa hayo, nisingekata simu tu, ningeitupa. Naandika kwa sababu simu ina haraka, na jambo hili halitaki haraka. Soma hadi mwisho, halafu ukitaka kunisema, nitakusikiliza nimekaa.

Unakumbuka tulivyokuwa baada ya mazishi ya Mama. Wewe uliondoka na kazi yako ikakumeza, lakini mimi nilibaki nikimtazama Baba. Tangu presha ya macho imalize kazi yake kwake, anaona mwanga na vivuli tu. Ila mikono yake haikupata habari kwamba macho yamekufa. Mpe fremu, mpe kamba za plastiki, atakusukia kiti ambacho ukikikalia unaona haya kusimama. Kilichomshinda ni kusoma oda, na hiyo kazi ilikuwa ya Mama. Asubuhi anavuta kigoda chake, anakaa mlangoni mwa karakana, anafungua lile duka la mtandaoni ulilotufungulia wewe mwenyewe, na kumsomea: kiti cha aina gani, rangi gani, kipimo gani. Akimaliza kusoma anatia na lake. "Huyu anataka zambarau na njano. Mume wangu, tumwache aharibu sebule yake au tumwokoe?" Baba anacheka, kazi inaanza.

Mama alipoondoka, oda ziliendelea kuingia, lakini msomaji hakuwepo. Mimi mapokezi ya ile kliniki ya meno yananishika mpaka alasiri. Nikirudi namsomea Baba haraka haraka huku sufuria iko jikoni, na siku yake imeshapita. Kutwa nzima alikuwa amekaa katikati ya fremu tupu, mikono iko mapajani. Wateja wakachoka kungoja, wakaanza kughairi. Ndipo ukasema tufunge karakana, chumba tukipangishe, Baba aje kwako. Kaka yako alinyamaza kama kawaida yake, utadhani maneno yanakatwa kodi. Na Baba alipoulizwa aligeuza uso ukutani, akasema, "Amueni ninyi. Kiti hakiulizwi kinawekwa wapi."

Wifi, lile neno nililala nalo. Sikukubaliana nawe, ni kweli, lakini sikuwa na jibu lingine la kukupa. Kukataa bila kuwa na njia ni kelele tu.

Njia niliipata kazini, wala sikuwa naitafuta. Kwetu mgonjwa akipangiwa siku ya kurudi, ujumbe wa kumkumbusha humfikia wenyewe. Miaka yote nilidhani kuna mtu amekaa mahali anaandika. Kumbe aliyeutengeneza mpango huo ni muuguzi wetu mmoja, ambaye hata mashine ya kuchapa ikikwama karatasi ananiita mimi. Nikamuuliza mchana tukila, "Wewe kompyuta ulisomea wapi?"

"Nani amesoma?" akanijibu. "Sijaandika hata herufi moja ya hayo maneno ya wataalamu. Nimeunganisha tu. Ni kama kazi ya fundi bomba. Maji yako hapa, ndoo iko kule, wewe kazi yako ni kutafuta bomba la katikati."

Akanionyesha. Kuna programu za namna hiyo, unaziingia kama unavyoingia kwenye barua pepe. Kwenye kioo unaona visanduku. Kisanduku cha kwanza unachagua taarifa zinatoka wapi, cha pili unachagua ziende wapi, na katikati unasema kipi kipite na kipi kibaki. Unaiambia: likitokea hili, fanya lile. Basi. Kule kazini likitokea "mgonjwa amepangiwa siku", inatuma ujumbe. Nikajiuliza, na oda ya kiti je? Duka letu si lina taarifa zote: jina la kiti, rangi, idadi? Kinachokosekana ni mtu wa kuzitoa kwenye duka na kuzifikisha masikioni mwa Baba.

Ndiyo maana nilikuomba neno la siri la duka, ukadhani nataka kubadilisha picha. Nilikaa na kompyuta ya kaka yako, ile isiyo na kitufe cha A, nikahangaika nayo siku kadhaa kila nikitoka kazini. Duka nikaliunganisha na huduma inayogeuza maandishi kuwa sauti, na sauti nikaielekeza kwenye simu ya zamani ya kaka yako, ile yenye kioo kilichopasuka. Nikaitundika kwenye msumari juu ya benchi la Baba, nikaiwekea na spika ndogo. Mteja akinunua, simu inasoma. Hakuna mtu wa kubonyeza chochote.

Siku ya kwanza niliomba ruhusa kazini ili niwepo. Oda ikaingia, simu ikasema, "Oda mpya. Kigoda. Kijani. Idadi, moja." Sauti ya mwanamke asiye na kwao, inayosoma bila kupumua.

Baba akaacha alichokuwa anakifanya. "Nani huyo?"

"Ni simu, Baba. Inakusomea oda."

"Ameingia wakati gani nisisikie hodi?"

Nikamweleza. Akasikiliza, akapapasa ukutani hadi akaigusa ile simu, akaigonga kwa kucha kama anayepima nazi. Nilipotoka nje kuanika nguo nilisikia anavuta fremu.

Usidhani mambo yalinyooka. Oda ile ya kigoda cha kijani ilikuwa ya mama wa saluni. Kesho yake akasahihisha anwani, simu ikasoma tena. Keshokutwa akabadilisha namba yake ya simu, ikasoma tena. Kosa lilikuwa langu: kwenye kisanduku cha kwanza palikuwa na "oda mpya" na "oda iliyobadilika", nami nikachagua ya pili nikidhani ndiyo inayobeba yote. Kumbe mteja akigusa chochote, hata koma, inahesabika ni mabadiliko. Mimi nikirudi jioni naona vigoda vya kijani vinaongezeka, nasema moyoni, mikono ya Baba imepata moto. Mama wa saluni alipokuja kuchukua mzigo wake alikuta vitatu vimepangwa mlangoni. Baba akamwambia, "Biashara yako imekua mwanangu, hongera." Yule mama alicheka mpaka akajikalia kimoja. Akavichukua viwili, wateja wake wanaongoja wavikalie. Cha tatu ndicho ninachokalia sasa ninapokuandikia.

Kosa nililirekebisha siku ileile. Lililokuwa gumu zaidi ni Baba mwenyewe. Kazi alifanya, lakini kila simu ilipolia alikunja uso. Nikamuuliza, Baba, kinachokuudhi ni nini? Akaniambia, "Mtu anaingia nyumbani kwa watu, hapigi hodi, hasalimii, anatoa amri. Hata wewe ungemwitikia?"

Nilicheka, kisha nikaona ana haki. Ile sauti husoma chochote unachoiandikia. Nilikuwa nimeiandikia amri, ikasoma amri. Nikafungua programu, kwenye kisanduku cha katikati nikaongeza mwanzoni: "Hodi Baba. Shikamoo." Oda iliyofuata ikaingia kwa adabu, na Baba, bila kufikiri, akajibu, "Marahaba." Tangu siku hiyo anajibu. Wifi, hicho ndicho jirani mshonaji alichokisikia kupitia ukutani. Baba hajapotewa na akili. Ameamkiwa, ameitikia. Ingekuwa ajabu kama angenyamaza.

Rangi tulizitatua kwa mafundo. Kila mzingo wa kamba una msumari wake ukutani, na ncha yake ina alama: nyeupe haina fundo, bluu fundo moja, nyekundu mawili, na kuendelea. Hilo alilibuni mwenyewe. Karakana ikarudi kunuka plastiki mpya, ile harufu uliyokuwa ukisema inakuumiza kichwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikukuambia kwenye simu, na ambalo jirani halijui.

Duka lina sehemu ambayo mteja anaweza kuandika maelezo yake akiagiza. Mimi sikuwa nimeiunganisha. Nilipoona mambo yanakwenda nikaiongeza, nikifikiri kwamba Baba atasikia vitu kama "miguu iwe mifupi" au "mgongo ulale kidogo." Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nafagia karakana naye anasuka, simu ikapiga hodi, ikaamkia, ikaitikiwa. Kisha ikasema, nakuandikia kama nilivyoisikia: "Oda mpya. Kiti cha kuegemea. Nyekundu na nyeupe. Idadi, moja. Maelezo ya mteja. Mama hujambo, mbona siku hizi kimya, mume wangu ameanza kutembea, ulisema siku akisimama nikuambie, amesimama. Mwisho wa oda."

Yote kwa sauti ileile iliyonyooka, kama inayosoma bei ya sukari.

Kamba ilimtoka Baba mkononi. Niliuegemeza ufagio ukutani. Akasema, "Irudie." Haiwezi kurudia, kwa hiyo nilifungua duka nikamsomea mwenyewe. Akauliza huyo ni nani. Sikumjua. Nikatafuta katika ujumbe wa zamani wa duka, na hapo ndipo nilipomkuta Mama.

Wifi, mama yako alikuwa na watu. Sisi tulidhani anasoma oda na kufunga. Kumbe akimaliza kumsomea Baba, anabaki pale mlangoni akiwajibu wateja. Mmoja aliyeolewa mbali na kwao alikuwa anamsimulia upweke wake. Mwenye mgahawa fulani alimwomba ushauri kuhusu mwanawe asiyetaka shule. Yule wa kiti cha kuegemea, mume wake alipooza upande mmoja, na Mama ndiye aliyemchagulia kiti cha kwanza, chenye mikono mipana ya kujishikia. Na wote walikuwa wameuliza, kwa maneno mafupi mafupi: Mama uko wapi? Mama umesafiri? Mama, nimekukosea?

Nilimsomea Baba ujumbe baada ya ujumbe. Aliniambia kitu kimoja tu: "Nilidhani ananisomea mimi peke yangu." Kisha akalia. Unajua kwamba mazishini hakulia. Watu walisema mzee ni jasiri. Pale kwenye benchi, kamba nyekundu mapajani, alilia kama mtu aliyeambiwa habari za msiba siku hiyohiyo.

Baada ya hapo hakuingia karakana kwa siku kadhaa. Mimi nilikwenda nikaikata ile sehemu ya maelezo, sauti isimsomee tena. Nakueleza ukweli, siku zile nilikuwa nimeshaamua kukupigia nikuambie umeshinda, njoo umchukue. Niliona nimechukua bomba nikaliunganisha bila kujua maji yenyewe ni ya moto kiasi gani. Kuunganisha ni rahisi mno, Wifi, ndipo hatari ilipo. Unabonyeza, mshale unatokea, na mambo ambayo yangemfikia mtu taratibu, kwa mdomo wa anayempenda, yanamfikia yote kwa mpigo.

Nikiwa kwenye hali hiyo Baba akaniita chumbani kwake. Alikuwa amekaa kitandani, ameshavaa. "Yule mwanamke amejibiwa?"

"Hapana, Baba."

"Mtu amekuambia mume wake amesimama, halafu humjibu?"

Nikachukua simu. Akaniamuru niandike, na niliandika alivyosema: "Mwanangu, Mama amepumzika tangu mwaka jana. Mimi ni mume wake. Angefurahi sana kwa habari yako, nami nimefurahi kwa niaba yake. Kiti chako nakisuka mimi. Nitakaza mgongo zaidi, maana anayejifunza kusimama hujitupa anapokaa."

Akaenda akakisuka. Jioni akaniambia niirudishe ile sehemu ya maelezo niliyoikata. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema, "Umeziba mlango kwa sababu msiba umepitia hapo. Na wageni je, wapite wapi?"

Nikairudisha, ila tukakubaliana maelezo yaningoje mimi niyasome jioni, na tangu hapo, kila nikirudi kutoka kazini, tunakaa tukijibu watu. Amewaambia mmoja mmoja. Nadhani kuna kitu hatukukijua sisi tuliokuwa tumeshughulika na mazishi: sisi tulipata wa kuwaambia. Tulipiga simu, tukalia nao, tukachoka kurudia. Yeye alikaa kwenye kiti akapewa mikono tu. Sasa naye ana wa kuwaambia. Kila akimaliza mmoja, mabega yanashuka kidogo.

Wapo wanaojibu kwa maneno, wapo wanaonyamaza. Mwenye mgahawa alikuja mwenyewe, mtu mzima mwenye kitambi chake, akakaa na Baba mchana kutwa. Sijui waliongea nini. Nilikuta vikombe viwili.

Sasa kuhusu kaka yako. Aliporudi safari ya mwisho, akasikia habari hizi zote, akatoka bila kusema. Akarudi na yule fundi simu wa kona ya barabara, wanayemwita Betri kwa sababu haishiwi maneno. Betri akasema siku hizi kuna huduma ambayo ukiipa sauti ya mtu iliyorekodiwa, inaiga. Mama aliacha jumbe nyingi za sauti kwenye simu ya kaka yako. Ile programu yangu ingehitaji kubadilishiwa kisanduku kimoja tu: badala ya mwanamke asiye na kwao, oda zingesomwa na Mama.

Wifi, sikuwa nimemwona kaka yako na uso wa furaha vile tangu tuoane. Aliongea sentensi tano mfululizo. Na mimi, nikuambie kweli, moyo wangu ulikwenda naye. Ni nani asiyetaka?

Lakini Betri alipotaka kuanza, nikasema, kwanza Baba aulizwe. Tukamweleza. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa fremu. Kisha akauliza, "Hiyo sauti yake, itaweza kunikatalia?"

Betri hakuelewa. "Kukukatalia vipi, mzee?"

"Mke wangu alikuwa ananisomea, halafu ananikatalia. Rangi hii mbaya. Kamba hii imelegea, fumua. Leo umechoka, acha. Hiyo sauti itaniambia nifumue?"

"Hapana mzee, itasema utakachoiandikia tu."

"Basi si yeye," akasema Baba. "Sauti isiyoweza kunikatalia si ya mke wangu. Msimtume kazi. Amepumzika."

Betri, kwa mara ya kwanza, akaishiwa. Kaka yako alitoka akaenda kukaa ndani ya lori. Nilimpelekea chai baadaye, nikakaa naye pale mbele. Akaniambia, "Mimi nilitaka kuisikia tu." Nikamshika mkono. Jumbe zile tumezihifadhi, zipo, na nitakutumia nakala. Ukitaka kumsikia Mama, umsikie akisema aliyoyasema mwenyewe.

Kesho yake Baba ndiye aliyelifungua tena jambo hili. Akasema yule mwanamke wa kwenye simu amemchoka, ingawa siku hizi ana adabu. Nikamwambia naweza kurekodi mimi. Akakataa: "Wewe nakusikia kila siku, ukinisomea tena mchana nitakosa pa kukimbilia." Kaka yako? "Huyo akisoma oda nitasuka kwa kubahatisha." Halafu akasema, "Nataka yule wa mbali. Akipiga simu ananiuliza dawa, ananiuliza nimekula nini, ananiuliza nimeanguka? Nimekuwa mgonjwa wake. Mwambie nataka anisomee kazi."

Hilo ndilo ombi, Wifi. Ndilo hasa lililonikalisha niandike. Maneno si mengi, nimeyaweka kwenye karatasi ya pili: majina ya viti, rangi, namba moja hadi kumi, hodi na shikamoo. Uyaseme kwenye simu yako, neno moja moja, unitumie. Mimi nitayaunganisha. Oda ikisema "kigoda, bluu, mbili", programu itachukua "kigoda" yako, "bluu" yako na "mbili" yako, na kuzipanga. Usiigize mtangazaji. Sema unavyosema. Maelezo ya wateja yataendelea kuningoja mimi jioni, hayo yanahitaji mtu aliyekaa karibu.

Na kuna maneno mengine nimeyaongeza mwishoni bila kumwambia Baba: "Baba, leo inatosha. Pumzika." Programu inaweza kuhesabu oda za siku. Zikifika kiwango, hayo ndiyo atakayoyasikia, na zinazozidi zitangoja kesho. Kiwango chenyewe nimekiacha wazi. Kiweke wewe. Ulikuwa na hofu kwamba namchosha, nami sikuwa na namna ya kukuthibitishia vinginevyo kwa maneno. Basi ushike wewe kamba hiyo, ukiwa hukohuko. Atakasirika, hilo najua. Lakini atakuwa na wa kumkatalia.

Kuhusu Baba kuja huko kwako, amesema atakuja kuwaona wajukuu hali ya hewa ikiwa nzuri, ila tiketi iwe ya kwenda na kurudi. Nimemwahidi nitaandika hivyo, nimeandika.

Nilimwuliza kama anadhani utapata nafasi ya kurekodi, na kazi zako zote hizo. Alicheka. Akaniambia ulipokuwa mdogo alikuwa akikupakia mbele ya baiskeli mnapeleka viti mjini, nawe umeanza kusoma kusoma. Njia nzima ulikuwa unamsomea: mabango, majina ya maduka, namba za magari, hata "Usitupe taka hapa." Akikuuliza, na kile pale kimeandikwa nini? unakaza macho, unasoma silabi kwa silabi, upepo unakunyima pumzi.

"Alidhani siwezi kusoma," Baba akaniambia. "Macho yangu wakati ule yalikuwa yanaona hadi mwisho wa barabara. Lakini nilimwambia sioni vizuri, ili asinyamaze."

Wifi, hayo ndiyo ya huku. Nisalimie sana shemeji, na wapwa wote, na yule mwenye meno mapya mwambie akingoje kidole changu. Kaka yako anakusalimu, yaani ameinua kichwa nilipomwambia nakuandikia. Watoto wanambusu shangazi yao. Mama wa saluni ameniomba nisimsahau, naye anakusalimu. Hata jirani mshonaji anakusalimu. Nimemweleza mambo yalivyo, akaona haya, ameshona foronya mbili za matakia ya Baba.

Mungu awe ukuta wako upande usiouona, akupe siku nyepesi na usingizi mzito, na atukutanishe tena kwa jambo la kucheka.

Wifi yako akupendaye daima,
Mke wa kaka yako